Gunia Ulilolifua kwa Sabuni

Langas, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, vile ningekusalimu kama ningekuwa hapo mlangoni kwako na mzigo nimeutua chini. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa Wafula wa pikap ulijipaka, ama ulimpa jirani tena? Ng'ombe ameshazaa? Mvua imeshika huko Bumala ama bado inawachezea? Sisi huku tuko wazima. Ni baridi tu inatuuma masikio asubuhi, lakini hakuna aliyelala hospitali, kwa hivyo tunashukuru.

Naliaka mdogo wangu, najua ni wewe unamsomea Mama. Soma polepole asikie kila neno. Ukifika mahali pagumu usiruke, na usianze kumtazama usoni kabla hujamaliza. Nakujua wewe.

Mama, utajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Ulipopiga juzi uliniuliza, "Mananasi yalifika?" Nikasema yalifika. Ukauliza, "Na waliyapenda?" Nikakuambia mtandao ni mbaya, sikusikii. Mama, mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nakusikia wewe na kuku wako wote. Ndiyo maana leo nimenunua daftari. Kwa karatasi siwezi kujifanya sikusikii.

Lakini kwanza nikupe habari za mjukuu wako ndio ucheke kidogo. Nafula ameota meno sita na anatembea kama mlevi, akishika ukuta. Baba yake amemfundisha kusema "Kukhu", ndio akija huko ajue kukuita nyanya yake. Sasa kila mama mzee akipita hapa kwa ploti na leso, mtoto anapiga kelele, "Kukhu! Kukhu!" Wamama wengine wanasimama wanamshika mkono, wananiuliza kama tunatoka nao kijiji kimoja. Baba Nafula bado yuko kwa mjengo kule Kapsoya. Kuna wiki kazi iko, kuna wiki anarudi saa nne asubuhi na mikono mfukoni. Hatugombani. Akirudi mapema ndiye anakaa na mtoto.

Mimi niko pale pale kwa matunda. Hapa kwa ploti wananicheka mpaka leo. "Wewe Nekesa, matunda si huliwa? Mnayakausha ya nini, mpate kuni?" Nawaambia njooni mwone. Tunaosha mikono mpaka kwa kiwiko, tunavaa kofia ya neti na aproni, kisha tunamenya na kukata. Ndizi na mananasi yanatoka upande wetu wa ziwa, maembe yanapanda kutoka Kerio huko bondeni. Siku yangu ya kwanza nilikata nanasi nene vile tunakata nyumbani. Auma, yule Mjaluo nilikuambia anakaa karibu na mimi mezani, akaliinua juu kila mtu aone. "Dada, hiki ni kipande ama ni tofali? Unatukatia ama unamkatia bwanako wa mjengo?" Siku hizi nakata kipande kimoja kama kingine na macho yangu yako dirishani.

Tukishakata tunapanga kwa trei, trei zinaingia kwa draya, hiyo ni mashine ya kukausha. Yakitoka yamekunjamana na yana rangi ya chai ya maziwa, hayang'ai manjano, kwa sababu hatutii dawa ya rangi wala sukari. Asiyejua atasema yameungua. Aweke mdomoni kwanza.

Kitu kinachonipendeza zaidi, Mama, ni majina. Matunda haya hayatoki kwa mashamba ya matajiri. Ni ya mama fulani na nusu eka yake, mzee fulani na wanawe. Watu ambao hawatumii mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Kila mzigo ukifika, jina la mwenye shamba linaandikwa kwa kikaratasi, kinawekwa kwa trei, kinaingia nayo kwa draya, kinatoka nayo, mpaka jina linaandikwa kwa pakiti. Mtu akinunua huko mbali anajua nani alilima. Nimekata matunda ya watu nisiowajua mwaka mzima nikisoma majina yao. Ndiyo maana Madam Chebet, mkubwa wetu, alipouliza nani anajua shamba safi la mananasi, mkono wangu ulienda juu kabla sijafikiria. Nilitaka kuona jina lako kwa trei. Hiyo tu. Mambo ya pesa nilifikiria baadaye.

Wewe unajua vile mkaguzi wa hapa kazini alikuja. Ulinisimulia kwa simu vile alichimbua samadi yako kwa kidole akainusa, na vile alikula nanasi akiwa amesimama mpaka likachuruzika kwa shati. Alikukubali ujaribiwe kwa mzigo mmoja. Ukaniambia, "Nitayatuma vizuri, mwanangu. Hutaaibika." Nikasema asante Mama. Nilipaswa kukuuliza, vizuri namna gani? Sikuuliza. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nataka ulisikie hilo kabla ya mengine.

Jumanne nilifika mapema kuliko wote. Nilikuwa nimeandika kikaratasi chako usiku uliotangulia kwa herufi zangu nzuri, zile za Darasa la Saba: ROSA NABWIRE, BUMALA. Nikakiweka kwa mfuko wa aproni. Pikap ya Wafula ilipoingia nikatoka mbio. Mizigo ya wengine ilikuwa kwa kreti na vikapu. Wako ulikuwa nyuma kabisa, peke yake, kwa gunia jeupe, kama jipya, limejaa vizuri, limesimama kama mgeni wa harusi. Nilijua ni wako kwa mshono. Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa na ule uzi wa buluu wa sare ya Naliaka, na hakuna mtu mwingine anashona akirudi nyuma hatua moja kila baada ya tatu.

Kisha Wafula akaligeuza, nikaona upande wa pili. Picha ya gunzi kubwa la mahindi na maandishi ya kijani. Gunia la mbolea, Mama. Mbolea ya dukani.

Nililipigia magoti nikalinusa. Lilikuwa linanukia sabuni ya unga. Nikakuona wewe pale kwa bomba, umekunja leso, unalisugua gunia ulilomwazima Baba mdogo, yeye anayetia mahindi yake mbolea, unalianika kwa ua, unaligeuza likauke ndani na nje. Na kile kikapu chako kilichotoboka kando kimebaki nyuma ya mlango kwa sababu hakifai kwa wageni. Nilielewa yote hapo hapo. Kwetu mtu hapeleki kitu kwa watu ndani ya chombo cha aibu. Ukienda kwa wakwe na kuku utaazima hata kamba nzuri ya kumfunga. Ulinitafutia heshima mimi.

Auma alikuwa amenifuata. Aliona maandishi, akaniona mimi. Akaangalia mlangoni. Madam alikuwa ndani anaongea kwa simu.

"Ni ya nani?"

"Ni ya mama yangu."

Auma hakucheka. Akaniambia pole pole, "Tuyatoe upesi tuweke kwa kreti. Gunia nalikalia mimi. Si unaniona nilivyo mpana? Hakuna mtu ataliona."

Wafula akasema yeye hajui kitu, yeye ni dereva, akaenda kuangalia tairi ambayo haikuwa na shida.

Mama, sitakudanganya, nilikata ule uzi. Nilitoa mananasi matatu nikayaweka kwa kreti. Yalikuwa mazuri, yamebeba rangi ya dhahabu chini. Nikasema moyoni, haya hayajaguswa na kitu, mama yangu hana hata kijiko kimoja cha mbolea, na gunia limefuliwa. Nani ataumia?

Nanasi la nne ndilo lilinishinda. Sijui kama unakumbuka ile siku ya maziwa. Nilikuwa darasa la pili. Ulinituma na mtungi wa maziwa ya wateja, nikajikwaa pale kwa daraja la miti, nusu ikamwagika. Nikajaza maji ya mto. Niliuza yote nikarudi naimba. Jioni ukapima mtungi kwa macho tu, ukaniuliza mara moja. Hukunichapa. Ulinishika mkono tukaenda mlango kwa mlango, nyumba zote tano, na kila mlango ulinisimamisha mbele nikasema mwenyewe, "Maziwa ya leo niliyatia maji." Mke wa mwalimu akakuambia, "Aki Mama Nekesa, sisi hata hatukuonja tofauti." Ukamjibu, "Mtoto wako alikunywa maji ya mto."

Nikiwa na lile nanasi mkononi nikamfikiria Nafula. Vile vipande vinavyovunjika, ambavyo haviendi kwa pakiti, Madam hutuachia. Huwa nampa Nafula. Anakinyonya kipande kimoja nusu saa, hata sifikirii mara mbili, kwa sababu najua hakijaguswa. Huko matunda yanakoenda kuna mama mwingine kama mimi, ananunua kwa sababu ameambiwa hivyo, na yeye pia hafikirii mara mbili. Simjui na hatanijua. Mkono wako wa ile siku ukanishika tena, Mama, mkono ule ule.

Nikarudisha yale matatu kwa gunia. Auma akashika kichwa. "Nekesa! Wewe una akili kweli?" Nikalivuta lile gunia mpaka ndani, nikalisimamisha mbele ya Madam Chebet, upande wa maandishi ukimwangalia.

Basi ujue kwa mdomo wangu, usije ukaambiwa na Wafula. Aliyesema ni mimi. Mbali na Auma na Wafula, hakuna mtu aliyekuwa ameona.

Madam aliweka simu chini. "Hili ni la shamba gani?"

"La mama yangu, Madam."

"Mama yako anatumia mbolea?"

"Hapana. Ni samadi tu. Gunia ni la kuazima, la shemeji yake anayelima mahindi."

"Wewe uko Langas. Utajuaje anachotia shambani?"

Nilikuwa nimejiambia sitalia, na machozi yakaja tu yenyewe. Nikamwambia, "Madam, alilifua. Nusa. Kikapu chake kimetoboka, akaona aibu kukituma kwenu. Kama angekuwa mwizi angeficha. Yeye maandishi ameyaacha nje, kila mtu ayaone."

Alilinusa kweli. Aliinama na suti yake akalinusa. Halafu akakaa kwa kiti. Kisha akaniambia kitu ambacho sikutegemea.

"Nilipokuwa nasoma chuo huko Kesses," akasema, "mama yangu alinitembelea na mursik." Hayo ni maziwa yao ya kugandisha, Mama, yanakaa kwa kibuyu kilichopakwa masizi. "Akaona kibuyu kitaniaibisha kwa wanafunzi wenzangu. Akayatia kwa jerikeni safi aliyonunua sokoni. Sijui ilikuwa na nini hapo awali, maziwa yalinuka mafuta ya taa. Nilimwaga yote nyuma ya hosteli. Nikamwambia yalikuwa matamu."

Nikamuuliza, "Na hukumwambia hata baadaye?"

"Aliendelea kuniletea kwa ile jerikeni miaka minne."

Auma, ambaye alikuwa amejibanza mlangoni, akacheka, kisha akaona Madam hacheki, akarudi kazini.

Madam akasimama akawa Madam tena. Akasema mananasi haya hayaingii chumba cha draya. "Hata likifuliwa mara saba, Nekesa. Nikikubali lako kwa sababu limenukia sabuni, kesho mwingine ataleta lake." Aliongea bila hasira. Nikamuuliza kama jina lako linafutwa. Akasema halifutwi bado. Mkaguzi atarudi kwako, na safari hii ataangalia pia unahifadhi wapi, unabebea nini, na mpaka wako na shamba la Baba mdogo uko umbali gani. Akiridhika, utaleta mzigo mwingine wa kujaribiwa. Asiporidhika, basi. Hakuna mara ya tatu.

Akaniambia, "Mwambie mama yako ukweli. Usifanye kama mimi."

Ndiyo hii barua, Mama.

Mananasi yako hayakutupwa, usilie kwa hilo. Wafula aliyapeleka sokoni yakauzwa kama mananasi mengine, atakukabidhi kilichopatikana. Mimi nilikuja na manne hapa kwa ploti. Nilimkatia Nafula kipande kinene, tofali kabisa, akakaa nacho kwa mlango. Juisi ilimshuka kidevuni ikaenda kifuani mpaka kwa kitovu, na nzi wote wa Langas wakaja kumsalimia. Alipomaliza akaninyooshea mkono mtupu akasema, "Kukhu." Sijui alimaanisha nini. Labda alikuwa anaita tu vile huita kila mtu. Lakini nilienda nyuma ya bafu nikalia kidogo, halafu nikamkatia kingine. Kichwa cha nanasi moja nimekipanda kwa mkebe wa rangi hapa nje. Jirani ananiambia, "Nanasi kwa baridi hii? Utalila siku Nafula akiolewa." Nikamwambia nitamkaribisha.

Sasa sikiliza, Mama, na Naliaka arudie hapa mara mbili. Wafula anakuletea kreti tatu. Madam amezitoa kwa mkopo mpaka mavuno yajayo. Ziweke ndani ya nyumba, si kwa ghala ya Baba mdogo karibu na dawa zake. Kuku wasilalie. Usizitie kitu kingine, hata viazi, hata kwa siku moja, hata mtu wa kanisa akiomba. Mkaguzi akifika usimpikie kwanza na kumsifu mpaka asahau kilichomleta. Mpeleke kwa mpaka. Mwonyeshe mahali gunia lilitoka, mwambie ulilifua kwa nini. Mwonyeshe hata kile kikapu kilichotoboka. Najua itakuuma. Unajua kusimama mlangoni pa mtu na kusema jambo kama hilo, kwa sababu ni wewe ulinifundisha.

Na ukinikasirikia, Mama, kasirika, lakini usinyamaze. Nipigie unigombeze. Mtandao hautakuwa mbaya.

Gunia la Baba mdogo nalirudisha, ni la watu. Nimemwambia Wafula aliweke mbele kwa kiti, lisigusane na kreti. Ameshaanza kulalamika eti gunia limepata daraja kuliko yeye.

Nisalimie Baba mdogo, umwambie hakuna mtu anamlaumu, alitoa kizuri alichokuwa nacho. Nisalimie mke wa mwalimu kama bado anachukua maziwa kwako. Nisalimie shangazi, umwambie sweta aliyomfumia mtoto sasa inafika tumboni tu lakini bado tunaivaa. Naliaka, asante kwa kusoma bila kuruka. Kama uliruka, rudi.

Kile kikaratasi chenye jina lako sikukitupa. Kiko kwa mfuko wa aproni yangu, kimekunjwa, kimeanza kunuka maembe. Kila siku naingia nacho kazini nikinawa mikono. Siku yako ikifika sitaandika kingine. Nitakikunjua hicho hicho nikiweke kwa trei.

Ni mimi mwanao, yule wa maziwa ya maji,

Nekesa